Uliza Ujibiwe: Ufalme wa Pwani Unaoubuni

Safari hii tunajibu barua za watu wa fani moja: waandishi wa riwaya, wachora katuni na watunga michezo wa hapa Dar es Salaam wanaobuni falme za pwani zisizokuwepo kwenye ramani yoyote. Barua tumezifupisha. Majibu yameandikwa na wajuzi wa bahari, wa ujenzi wa mawe na wa historia ya mwambao, na yote yamesimama juu ya jambo moja: upepo, maji na mawe ya ufalme wako yakiwa ya kweli, msomaji ataupokea pamoja na uchawi wake.

Ndugu wahariri, riwaya yangu ina mfalme, koo saba zinazogombea kiti na vita ya miaka kumi. Wenzangu waliosoma rasimu wanasema ufalme wenyewe ni wa bara, bahari nimeichora pembeni tu. Nianzie wapi kurekebisha? (Mwandishi, Kimara)

Anzia kwenye upepo. Mfalme muweke kando kwanza.

Chukua karatasi uchore safu kumi na mbili za miezi. Kwenye mwambao wetu kaskazi huanza kuvuma Novemba au Desemba hadi Machi, na ndio ulioleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba hivi na kuvirudisha kwao. Kati ya pepo hizi mbili kuna matlai, upepo mwanana usiotegemewa kwa safari ndefu. Kusi la Juni na Julai ni kali mno kwa bahari kuu, hivyo nahodha wa masafa aliondoka ama mapema, Aprili, ama alingoja makali yapungue kuanzia Agosti. Ufalme wako si lazima ufuate miezi hii hii, lakini ni lazima uwe na ratiba yake, na ratiba hiyo isivunjwe kwa sababu sura fulani ya kitabu inataka meli ifike.

Chini ya kila mwezi jaza mambo manne: nani yupo bandarini, nini kimejaa sokoni, nini kimeadimika, na mfalme anaogopa nini. Wakati wa kaskazi mji umefurika wageni, vyumba havipatikani, ushuru unaingia na hazina ina cha kuwalipa askari. Ukifika katikati ya kusi bandari imebaki tupu, ghala zinapungua, na nahodha aliyechelewa amekwama kwa wenyeji wake mpaka makali ya upepo yapungue. Hapo koo zako saba zinapata sababu ya kugombana kwa tarehe. Anayetaka kumpindua mfalme atangoja askari waanze kudai mishahara, na atakayemtetea atakuwa ng'ambo, hana upepo wa kumrudisha.

Barua nazo hufuata ratiba hiyo hiyo. Mfalme akimwandikia mwenzake wa ng'ambo mwezi wa Aprili, jibu haliwezi kufika kabla ya Desemba. Waandishi wengi huharibikiwa hapa: mjumbe anaondoka sura ya tatu na kurudi sura ya nne, kisha vita nzima inakosa uzito.

Mfano wa kuiga ni Kilwa. Chombo kilichotoka Arabuni kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi mwaka uleule. Kushuka zaidi hadi Sofala, kwenye Msumbiji ya leo, ilikotokea dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, kulimlazimu nahodha kukaa ugenini msimu mzima zaidi. Wageni wakaona bora wanunulie Kilwa, na Kilwa ikaishika njia ya kusini. Utajiri wa karne ya 13 na ya 14 ulijengwa juu ya umbali huo, na msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Kwa hiyo usiuweke mji mkuu katikati ya pwani kwa kuwa unapendeza pale. Uweke mahali ambapo safari ya msimu mmoja inafikia ukomo. Mji huo utakuwa tajiri hata mfalme wake akiwa mjinga, na jirani zake watauonea wivu hata akiwa mwema.

Shikamooni wahariri. Ramani yangu ina mto mkubwa wenye delta ya mikono mitano, mbele yake mwamba wa matumbawe umeziba kama ukuta, nyuma ya mwamba kuna bandari kuu. Kaka yangu ni mvuvi, anasema haiwezekani. (Mchora ramani, Kigamboni)

Marahaba mwanetu. Kaka yako yuko sahihi.

Matumbawe yanataka maji ya chumvi, ya uvuguvugu, masafi, yanayopenywa na jua. Mto mkubwa humwaga maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, pamoja na tope, na tope huyafunika na kuyaua. Tazama Rufiji: mdomoni mwake hakuna ukuta wa matumbawe, kuna mikoko, tena msitu mkubwa kuliko wote wa mwambao wa Afrika Mashariki. Ukiwa na delta, chora mikoko, vijito vinavyopindapinda na mafungu ya mchanga yanayohama kila baada ya masika. Meli kubwa haiingii hapo bila rubani mwenyeji, na rubani huyo ni mhusika mzuri sana kwa hadithi.

Mwamba wako usogeze mbali na mto, kwenye pwani kavu. Kisha uutoboe. Mwamba mrefu huwa na milango, na aghalabu mlango unakuwa mkabala na hori au kijito, kwa kuwa maji yake yamezuia matumbawe kufunga pale. Hapo ndipo bandari inapokaa: mlango nje, kina ndani, tope na mikoko kwenye kingo zilizokingwa, minazi kwenye mchanga, mji juu ya mwinuko wa mawe. Ingia kwa pantoni ukitokea kwenu Kigamboni uangalie ulivyo mdomo wa bandari yetu: mwembamba kwa nje, unafunguka ndani.

Pwani yako ikielekea mashariki kama yetu, chombo kigeni kitaingia mlangoni asubuhi, jua likiwa mgongoni. Nahodha husoma rangi ya maji: kahawia ni mwamba, kijani hafifu ni mchanga, buluu nzito ni kina. Jioni jua linampiga usoni, maji yote yanameta, hasomi chochote. Meli ya adui inayoingia jioni bila rubani itakwama, na huhitaji joka la kuizamisha.

Umbali nao uupime. Chombo cha tanga chenye upepo mzuri huenda mwendo wa noti tano, yaani kilomita tisa kwa saa. Akisafiri mchana kwa muda wa saa kumi, ni kilomita tisini. Panga bandari ndogo kwa hatua hizo, maana nahodha wa pwani hupenda kulala ametia nanga.

Vita yangu kubwa inapiganwa saa sita usiku, mwezi mpevu, maji yamejaa hadi kwenye ngome. Pia dunia yangu ina miezi miwili. Nimekosea popote? (Mtunga michezo, Sinza)

Saa umeikosea, kama unafuata pwani ya Dar es Salaam. Siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga ni siku za bamvua, na hapa kwetu maji ya bamvua hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Saa sita usiku ya mwezi mpevu maji yana saa mbili tu tangu yaanze kupanda.

Yamepanda kiasi gani? Mabaharia wana hesabu nyepesi. Gawa kimo chote mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Saa mbili ni mafungu matatu, yaani robo. Ikiwa tofauti ya maji makavu na maji makuu ni mita tatu na nusu, kiwango cha kawaida cha bamvua hapa, maji yamepanda chini ya mita moja. Chombo kinachozama mita mbili majini hakivuki fungu la mchanga. Wanajeshi wako watashuka kwenye tope la magotini umbali mrefu, chini ya mwanga wa mwezi, mishale ikiwalenga. Pengine hiyo ni vita bora kuliko uliyoipanga. Ukitaka maji yafike ngomeni, sogeza mapigano mpaka saa kumi alfajiri. Na kumbuka kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi, na wiki moja baada ya bamvua ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Miezi miwili inawezekana, ila iwekee hesabu. Tuseme mmoja huzunguka kwa siku 30 na mwingine kwa siku 20. Kila siku 60 hukutana upande mmoja wa anga, na siku 30 baada ya kukutana huwa pande mbili zinazotazamana. Mara zote mbili mivuto yao inaungana, kwa hiyo una bamvua kuu kila siku 30. Katikati yake, siku 15 baadaye, wanapingana na maji yanakuwa mafu. Tayari una kalenda ya sikukuu, ya mnada wa samaki na ya vita. Usiusogeze mwezi wa pili karibu mno: mwezi uleule ukiwa nusu ya umbali, nguvu yake ya kuvuta maji huzidi mara nane, na mji wako utazama mara mbili kwa siku.

Shujaa wangu anaiba jahazi la tani hamsini usiku, peke yake, anakimbia dhidi ya upepo. Mhariri wangu kakataa. Kwa nini? (Mwandishi wa hadithi fupi, Tabata)

Mtazame shujaa wako akiwa chini ya mlingoti. Foromali, lile gogo refu linalobeba tanga, aghalabu limeungwa kwa miti miwili au zaidi na laweza kukaribia urefu wa jahazi lenyewe. Kulitweka kunataka watu kumi au zaidi wakivuta henza, kamba ya kulipandishia, kwa pamoja, na wimbo wao wa kuvutia si wa kujifurahisha: ndio unaowapa mkupuo mmoja. Mtu mmoja hata hawezi kulinyanyua kutoka sitahani.

Tuseme limetwekwa tayari. Kwenda dhidi ya upepo, chombo hupiga bisha, yaani huenda mshazari upande mmoja kisha mwingine. Kwenye jahazi kila mgeuko ni kazi kubwa: shetri, yaani nyuma ya chombo, hupitishwa upande wa upepo, demani, kamba ya kulishikia tanga, inaachiwa, foromali inasimamishwa wima ikizungushwa mbele ya mlingoti, na tanga lote linahamia upande wa pili. Mtu wa usukani akichelewa kidogo, tanga linajibandika kwenye mlingoti, chombo kinasimama, na upepo mkali ukilikuta hapo mlingoti huvunjika. Tanga la jahazi pia halipunguzwi kwa kukunjwa. Upepo ukizidi, linatuliwa na kufungwa jingine dogo, kwa hiyo chombo kizuri kina matanga mawili au matatu.

Mpe ngalawa. Ni mtumbwi wa kuchonga, mara nyingi wa mwembe, wenye mbao mbili za pembeni zinazouzuia kupinduka. Fundi mmoja huiendesha, inapita juu ya mwamba pasipo na kina, na jahazi linalomfukuza haliwezi kumfuata humo. Udhaifu wake ni mawimbi makubwa ya nje na ufinyu wa kubeba maji ya kunywa. Mtu anayepiga kazi juani anataka lita nne kwa siku, na ngalawa haina pa kuweka mtungi wa wiki mbili.

Ikiwa ufalme wako hauna chuma, soma habari za mtepe. Ulijengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikizwa kwa vijiti, hauna msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ulikuwepo mwambaoni mwetu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mtepe ukigonga mwamba hunepa kabla ya kupasuka, na huo ni ubora halisi mahali penye mafungu mengi. Malipo yake ni kuvuja: lazima kuwe na mtu wa kufua maji wakati wote, na kamba zinaoza, hivyo chombo hufumuliwa na kushonwa upya mara kwa mara.

Chombo cha misumari nacho kina ratiba yake. Hupandishwa pwani siku za bamvua, maji yakipwa hubaki juu ya magogo. Mafundi huondoa konokono na majani, hutia kalafati, ambayo ni pamba iliyolowekwa mafuta na kugongomewa kwenye maungio, kisha tumbo la chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili funza wa baharini wasitoboe. Mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, na harufu yake huwezi kuisahau. Kazi isipokamilika kabla ya bamvua kuisha, maji hayatafika tena kukiinua chombo kwa wiki mbili. Hapo una ucheleweshaji wa kweli kwa kisa chako, bila kubuni dhoruba.

Kasri la malkia wangu lina ukumbi wenye upana wa mita kumi na tano, dari bapa, bila nguzo, mawe ya matumbawe. Itakuwaje? (Mchora katuni, Ubungo)

Dari itaanguka. Dari bapa ya majumba ya mawe ya pwani ni tabaka nzito la vipande vya mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo hazibebi zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba: urefu unaweza kuupeleka utakako, upana ameshauamua mkoko. Kwa ukumbi mpana una njia mbili. Weka safu za nguzo kila mita mbili na nusu, na mwanga wake utakupendezesha katuni zako. Au jenga matao na kuba, kama ilivyofanyika kwenye upanuzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ukitaka ukubwa wa kutisha, uupate kwa wingi wa vyumba na nyua: Husuni Kubwa ya Kilwa, ya karne ya 14, ilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, na bwawa lake la pembe nane lilikuwa wazi juu.

Jiwe liko la namna mbili, na mafundi wako lazima wazitofautishe. La ukutani huchimbwa nchi kavu, ni gumu na lina mashimo. La kuchonga hutolewa baharini likiwa bichi. Likiwa na unyevu hukatika kwa shoka dogo, likikauka hukaza. Nakshi za mlango, za mihrabu na za vidaka hutoka humo, na hukatwa haraka kabla jua halijalishika.

Chokaa yenyewe: magogo hupangwa duara, vipande vya matumbawe vinarundikwa juu, moto huachwa usiku kucha. Kinachobaki kinamwagiwa maji na kuachwa kwa wiki au miezi. Fundi mwenye haraka akiitumia kabla haijaiva, chembe zilizobaki zitavimba ndani ya ukuta na lipu itatoka vipele. Kosa jingine ni mchanga wa ufukweni ambao haujaoshwa. Chumvi yake hujitokeza ukutani kiangazi hadi kiangazi na kubambua lipu kuanzia chini. Nyumba ya tajiri mpya wa ufalme wako ikianza kubambuka mwaka wa pili, mji mzima utajua alimharakisha fundi.

Moto wa chokaa unakula kuni nyingi mno. Mji unaojenga kwa mawe miaka mia utakuwa umekata miti ya jirani zake wote, na huo ni mgogoro unaofaa kuandikwa.

Mji wa kisiwani wa watu elfu tano unazingirwa siku tisini. Wataishi? (Mwanafunzi, Mbagala)

Inategemea walichoweka ghalani. Mtu mmoja, nusu kilo ya nafaka kwa siku. Watu 5,000 wanakula tani mbili na nusu kila siku, tani 225 kwa siku tisini. Jahazi la tani hamsini ni chakula cha siku ishirini. Kwa mwaka mzima ni tani 900 na zaidi, na mtama wa jembe la mkono bila mbolea uuhesabu chini ya tani moja kwa hekta. Ongeza theluthi kwa mbegu, panya na fukusi. Kisiwa chako, basi, lazima kiwe na zaidi ya hekta elfu moja za shamba upande wa bara. Anayeshika mashamba hayo anaushika mji bila kurusha mshale. Samaki watawasaidia, lakini wavuvi wanatoka kupitia mlango uleule unaolindwa na adui.

Maji ndiyo yatakayowamaliza kwanza. Chini ya kisiwa maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na mita arobaini hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Kwa hiyo kisima kikichotwa kupita kiasi, maji yakishuka nusu mita tu, chumvi inapanda mita ishirini. Wakazi wa Dar es Salaam wenye visima karibu na bahari wanaijua ladha hiyo. Ikishaingia, inakaa misimu kadhaa ya mvua. Wakati wa mzingiro, wakimbizi wanapoongezeka na kila mtu akachota, visima vinaharibika kuanzia vile vya ufukweni kuelekea katikati.

Dawa ni birika la mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya dari ni lita moja. Dari ya mita mia za mraba, kwa mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka na upotevu wa moja ya tano, inakupa lita 88,000. Ukimpa kila mtu lita kumi kwa siku, dari hiyo inalisha watu ishirini na wanne. Mzingiro ukianza mwisho wa masika mabirika yamejaa. Ukianza mwanzoni mwa vuli iliyochelewa, jenerali wa adui anajua anachokifanya.

Naandika mchezo wa kuigiza wa wanafunzi. Mtawala wangu ni mwanamke. Je, kuna mfano wa kweli? Na taji avae la namna gani? (Mwalimu, Temeke)

Mifano ipo, mwalimu. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mwanzo, na Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17. Huhitaji kumtetea malkia wako jukwaani kana kwamba ni jambo geni.

Taji liache. Enzi ya pwani ilionekana kwa siwa (baragumu kubwa la enzi), ngoma kuu, mwavuli na kiti. Siwa ya Pate, kisiwa cha mwambao wa Kenya, ni ya pembe ya ndovu, ndefu zaidi ya mita mbili, na hupulizwa kupitia tundu la ubavuni, si la nchani. Kwa wanafunzi wako itengenezeni kwa bomba la plastiki lililopindwa kwa moto na kupakwa rangi ya maziwa. Atakayeiba siwa ameiba haki ya kutawaza, na kisa chako kinaweza kusimama juu ya wizi huo mmoja.

Mpe baraza la wazee wanaoweza kumkatalia, kadhi, na mtu wa forodha. Wa forodha ndiye wa kuogopwa, maana anajua kila frasila iliyoingia, na frasila moja ni kilo kumi na sita hivi. Kama unataka fedha, zipigwe za shaba na ziandikwe jina la mtawala. Moja ya Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe, na tano ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944.

Mchawi wangu anaweza kuamuru upepo. Mmeniharibia, maana sasa ratiba yote haina kazi. (Kijana, Kawe)

Usimfute, mpunguzie. Aamuru upepo wa umbali gani, kwa muda gani, na nani anakosa alichopewa yeye? Upepo uliovutwa kwako umeondolewa mahali. Ukisema anaweza kuugeuza kwa maili tano, kwa saa sita, na baada ya hapo matlai yanadumu siku tatu kwenye eneo lote, kila nahodha mwaminifu atamchukia na mfalme atamficha. Ukimfunga pia na bamvua, yaani nguvu zake zinapanda na kushuka na maji, adui mwenye kalenda anaweza kupanga siku ya kumshambulia. Tunapendekeza hivyo kwa moyo wote. Mchawi asiye na maji mafu hana siku ya kuogopa.

Majini ya baharini na chunusi, pepo wazamishao watu, waachie milango ya mwamba na mashimo yenye kina, mahali ambapo watu huzama kweli kwa mkondo. Hofu ya wenyeji wako itakuwa na sababu mbili kwa pamoja, na si lazima uchague moja.

Niende wapi hapa Dar nikajionee? (Msomaji, Mwenge)

Soko la samaki la Feri, alfajiri, vyombo vinaporudi, uangalie maungio ya mbao na vifundo vya kamba. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kwa vitu vya Kilwa. Magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji, kwa makaburi ya nguzo ya karne ya 18, na utazame mashimo ya duara yalikopachikwa bakuli za kauri za China. Kaole, karibu na Bagamoyo, ni safari ya siku moja. Beba futi ya fundi upime upana wa vyumba na unene wa kuta, maana picha haikupi hayo. Kwa Kilwa Kisiwani panga siku mbili au zaidi. Kibali unakichukua Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na boti huondoka vizuri zaidi asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo.